Adui mwenye adabu: anavyojengwa katika tamthilia, na kwa nini hututisha kuliko anayefoka

Kwenye vibanda vya video ambamo wengi wetu tulijifunzia kutazama sinema, kumtambua adui ilikuwa kazi ya dakika mbili. Alikuwa na kovu shavuni au miwani myeusi usiku, alicheka bila sababu, na alimzaba kofi mtumishi aliyechelewa kuleta kinywaji. Steringi alikuwa upande huu, adui upande ule, na hata aliyekaa benchi la mwisho alijua nani ataanguka.

Adui tunayemzungumzia katika makala haya hana kovu. Anasema "tafadhali" na "asante". Anafunga tai yake vizuri na anafika kazini kabla ya wafanyakazi wake. Anaweza kuamuru mtu auawe alfajiri, na saa sita mchana ukamkuta amesimama kwenye meza yako akikuuliza kama chakula kimekuridhisha. Tena anauliza kwa dhati. Anataka kweli kujua kama umeridhika.

Tamthilia za televisheni zimempenda sana mtu huyu kwa miaka thelathini na kitu sasa. Hapa tunaeleza anavyojengwa mbele ya kamera, ametokea wapi, na ni wapi, kwa maoni yetu, watazamaji wengi humwelewa vibaya. Mfano wetu mkubwa ni mmoja: Gustavo Fring, au Gus, wa tamthilia ya Marekani Breaking Bad na nyingine iliyoifuata, Better Call Saul. Tumemchagua kwa sababu hatujaona mwingine aliyechorwa kwa uangalifu kama yeye. Kwa ambaye hajazitazama, tahadhari: tutasimulia mpaka anavyokufa.

Neno lisilo na Kiswahili chake

Watu wakimjadili mhusika wa namna hii humwita "sosiopathi" au "saikopathi". Kiswahili hakina neno moja linalomtosha. Tunalo "katili", lakini katili anaweza kuwa mtu wa hasira, na huyu hasira yake huioni. Tunalo "mnafiki", lakini mnafiki hujificha kwa kuogopa kujulikana, wakati huyu hata ukishamjua habadiliki. Ataendelea kukukaribisha kiti. "Mtu asiye na utu" ndiyo inayokaribia, ila hiyo ni lawama zaidi kuliko maelezo.

Hata kwa wataalamu mambo si mepesi. Mwaka 1941 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Hervey Cleckley, alichapisha kitabu The Mask of Sanity, yaani barakoa ya akili timamu. Alieleza watu wenye mvuto na akili nzuri, wasio na wasiwasi, wasio na haya wala majuto. Picha hiyo ya barakoa ndiyo waandishi wa filamu na tamthilia walioidaka na hawajaiachia mpaka leo. Baadaye mwanasaikolojia wa Kanada, Robert Hare, alitengeneza orodha ya vipengele 20 vya kupima tabia hizo, na cha kwanza kabisa ni ulimi mtamu na mvuto wa juujuu.

Lakini "sosiopathi" si jina la ugonjwa katika mwongozo unaotumiwa na madaktari wa akili wa Marekani. Mwongozo huo unataja tatizo la haiba linalomfanya mtu apuuze na kukanyaga haki za wenzake. Hutajwa kwa mtu wa miaka 18 na kuendelea ambaye dalili zilianza kuonekana kabla hajafika miaka 15. Na ukizisoma hizo dalili utashangaa: kusema uongo na kukosa majuto zimo, ndiyo, lakini zimo pia kutenda bila kufikiri, hasira za karibu, ugomvi wa ngumi, kutodumu kazini na kutolipa madeni.

Huyo siye adui mpole tunayemwona kwenye runinga. Gus Fring hajawahi kuchelewa kazini wala hana deni la mtu. Akipanga jambo, hupanga kwa miaka. Kwa maneno mengine, mtu wa kwenye faili la daktari na mtu wa kwenye tamthilia wanashirikiana jina tu. Wataalamu wawili wa Ubelgiji, Samuel Leistedt na Paul Linkowski, walilipima jambo hili. Walipitia filamu 400 za kuanzia mwaka 1915 hadi 2010, wakachambua wahusika 126, na mwaka 2014 matokeo yao yakachapishwa katika jarida la sayansi ya uchunguzi wa jinai. Yule msomi mpole, mpenda muziki na mvinyo, mwenye akili kupita polisi wote, hakuwamo miongoni mwa waliofanana na uhalisia. Aliyewaridhisha zaidi alikuwa Anton Chigurh wa filamu ya mwaka 2007, No Country for Old Men, na yule bwana adabu hana kabisa.

Kwa hiyo swali zuri zaidi kuuliza ni hili: kama hafanani na wagonjwa wa kweli, anafanana na nani hasa, hata tukimwona tunahisi tunamfahamu?

Mnunuzi aliyekuwa anafuta meza

Breaking Bad, iliyobuniwa na Vince Gilligan, ilionyeshwa na kituo cha AMC kuanzia Januari 2008 hadi Septemba 2013, misimu mitano yenye sehemu 62. Walter White ni mwalimu wa kemia wa sekondari mjini Albuquerque, jimbo la New Mexico. Anagundulika ana saratani ya mapafu, na kwa kisingizio cha kuiachia familia fedha anaanza kutengeneza dawa za kulevya aina ya methamfetamini akishirikiana na Jesse Pinkman, mwanafunzi wake wa zamani.

Gus anaingia katika msimu wa pili, mwaka 2009, kwenye sehemu iitwayo Mandala. Walter ameambiwa kuna mnunuzi mkubwa, mtu wa siri, atakayekutana naye kwenye mkahawa wa kuku unaoitwa Los Pollos Hermanos. Anakaa. Anasubiri. Jesse anachelewa, na anapofika amelewa dawa. Mnunuzi hatokei. Katika muda wote huo, meneja wa mkahawa, mwanamume mwenye miwani, shati la manjano na tai, anapita nyuma akihudumia wateja wake kama meneja yeyote.

Siku inayofuata Walter anarudi, anakaa tena saa nyingi, mpaka linamjia: mnunuzi alikuwepo tangu mwanzo. Ni meneja. Alikuwa anamtazama.

Ujanja wa kuingia namna hii ni kwamba hautufundishi kumwogopa Gus kwanza. Unatufundisha kutomwona. Tulikuwa tunatazama mlangoni tukisubiri jambazi mwenye walinzi na gari la fahari, kumbe mtu mwenyewe anaendesha Volvo ya kawaida ya familia. Mtazamaji anadanganywa kwa kutumia mazoea yake mwenyewe: aliyevaa sare ya kazi na anayekuhudumia hatumtazami usoni.

Tunakuja kujua kwamba mkahawa ni biashara halali na mzuri kweli, kwamba chini ya kiwanda cha kufulia nguo kuna maabara yenye thamani kubwa, na kwamba bwana huyu ni mfadhili wa shughuli za DEA, idara ile ile ya serikali inayopambana na dawa za kulevya. Angekuwa kwetu tungemwona kwenye kila harusi na kila harambee, mgeni rasmi, bahasha nene, na angekuwa wa kwanza kuwaamkia wazee. Katika msimu wa tatu anawaelekeza wauaji wawili mapacha wakamshambulie Hank, ofisa wa DEA na shemeji wa Walter. Hank akiwa hoi hospitalini, Gus anafika na chakula cha bure kwa polisi waliokesha na familia yenye majonzi. Siku hiyo hiyo, hospitali hiyo hiyo, mtu wake Mike anapenya chumbani kwa muuaji aliyenusurika na kumdunga sindano ya kummaliza.

Tulipotazama sehemu hiyo kwa mara ya pili ndipo tulipoliona jambo ambalo tunalitaka liwe kiini cha makala haya. Wengi husema adabu ya Gus ni barakoa: ivue, utamkuta nyoka. Sisi hatuoni hivyo. Barakoa kazi yake ni kuficha, na ukishajua kilicho nyuma yake haina kazi tena. Adabu ya Gus inaendelea kufanya kazi hata kwa wale wanaomjua, na kwao inafanya kazi zaidi. Adabu ndiyo silaha yenyewe.

Namna adabu inavyofunga mikono

Fikiria ugeni ulivyo. Ukiletewa maji ya kunywa, huwezi kuinuka ukaondoka kabla hujayagusa. Ukikaribishwa chakula, huwezi kumtuhumu mwenyeji huku unatafuna. Adabu ina sheria, na sheria hizo zinambana aliyepokea kuliko aliyetoa. Gus anazijua zote. Katika sehemu iitwayo Abiquiu anamkaribisha Walter nyumbani kwake na kumpikia kwa mikono yake mchuzi wa samaki wa kwao Chile. Hakuna tishio hata moja linalotamkwa. Walter anakula, anasikiliza ushauri, na anatoka akiwa mdogo kuliko alivyoingia.

Mfano mkali zaidi unajulikana hata kwa wasiofuatilia tamthilia. Ni sehemu ya kwanza ya msimu wa nne, Box Cutter, ya Julai 2011. Walter na Jesse wamemuua mkemia mwingine ili wao wasiweze kubadilishwa. Gus anashuka ngazi kuingia maabara. Walter anaanza kujitetea, anabembeleza, anatishia, anapiga hesabu za biashara, maneno yanamtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Gus hasemi kitu. Anavua koti lake na kulitundika. Anavaa nguo za kujikinga za maabara, taratibu, kama mtu anayejiandaa kuosha gari. Anachukua kisu cha kukatia maboksi. Kisha anamkata koo Victor, mtumishi wake mwenyewe na mtiifu, mbele ya hao wawili, akiwa anawatazama machoni. Ananawa, anavaa tena nguo zake, anarekebisha tai, anapanda ngazi, na akiwa juu anawaambia kwa sentensi moja fupi warudi kazini.

Damu ni nyingi kwenye tukio lile, lakini damu peke yake tumeizoea. Kinachobaki kichwani ni lile koti lililotundikwa. Mtu anayefoka amepoteza kitu, ameguswa, na aliyeguswa unaweza kumbembeleza. Aliyetundika koti hajapoteza chochote. Huna pa kumshika.

Hata hivyo, tukiulizwa ni tukio gani linalomweleza Gus kuliko yote, tutataja lisilo na tone la damu. Limo kwenye Better Call Saul, tamthilia iliyosimulia miaka ya kabla ya Breaking Bad na kuonyeshwa kuanzia 2015 hadi 2022. Katika sehemu iitwayo Namaste ya msimu wa tano, Gus yuko mkahawani usiku akisubiri habari za hasara ambayo yeye mwenyewe ameikubali ili kulinda mpango wake. Hana la kufanya ila kusubiri. Kijana wake wa kazi, Lyle, anamwonyesha mtambo wa kukaangia kuku aliokwisha kuusafisha. Gus anautazama, anasema kwa upole kwamba haujafikia kiwango. Lyle, kijana mwenye moyo, anasema atasafisha tena. Anasugua. Gus anautazama tena. Bado. Anasugua tena, na tena, mtambo unang'aa, na sisi watazamaji tunajua ulikuwa safi tangu mara ya kwanza.

Hajatukanwa. Hajakatwa mshahara. Lyle mwenyewe pengine anaamini bosi wake ni mtu wa viwango. Ndiyo maana tukio lile linakera mwili: wapo wengi waliowahi kufanya kazi chini ya mtu kama huyo, awe mwalimu, msimamizi au mama mwenye nyumba, ambaye hakuwahi kupandisha sauti, na ambaye ukirudi nyumbani huwezi hata kueleza alikufanyia nini.

Ukimya, jambo gumu kwa watu wa redio

Sisi wa redio tuna ugomvi wetu na adui huyu. Studioni, sekunde chache za ukimya ni kosa. Fundi mitambo atakugongea kioo. Michezo ya redio nayo ina mazoea yake: kwa kuwa msikilizaji haoni, adui lazima acheke, akohoe, au ajitangaze kwamba sasa ataonyesha ubaya wake. Ndiyo maana adui wa mchezo wa redio karibu daima ana kicheko. Gus akiletwa redioni jinsi alivyo, nusu ya matukio yake yatakuwa kimya kitupu.

Wanaotafsiri sinema kwa Kiswahili kwa kusimulia juu ya picha wana taabu hiyo hiyo. DJ anayetafsiri analipwa kwa kuongea. Anapofika mahali ambapo mhusika amenyamaza dakika nzima, anajaza: anatia utani, anamsemea, anamwita majina. Tunaipenda sanaa hiyo na tumeicheka sana, lakini kwa adui wa namna hii inaua kila kitu. Ukishamwambia mtazamaji kwamba "sasa jamaa kakasirika", umempa kile ambacho mwandishi alikizuia makusudi.

Mwigizaji wa Gus, Giancarlo Esposito, alielewa thamani ya kuzuia. Alizaliwa Copenhagen mwaka 1958, baba Mwitaliano na mama Mmarekani Mweusi aliyekuwa mwimbaji wa opera, na alikuwa mwigizaji wa miaka mingi kabla ya hapo. Wapenzi wa filamu za Spike Lee wanamkumbuka katika Do the Right Thing ya 1989, akiwa kijana mwenye kelele na asiyetulia hata sekunde. Ni vigumu kuamini ni mtu mmoja. Ameeleza kwenye mahojiano kwamba mazoezi ya yoga na ya kupumua yalimsaidia kupata utulivu wa Gus. Sikiliza sauti yake na utaona: anamaliza kila neno, hakatizi mtu, na anapokaribia kutisha anashusha sauti, ili msikilizaji alazimike kusogea karibu. Waigizaji wetu wa michezo ya redio wanaweza kuiba hilo moja na likafanya kazi vizuri kabisa kwenye maikrofoni.

Waliomtangulia

Gus hakuanguka kutoka mbinguni. Iago, katika mchezo wa Shakespeare Othello ulioandikwa mwanzoni mwa karne ya 17, anasifiwa na kila anayemwangamiza kwamba ni mtu mwaminifu. Kwenye televisheni, hatua kubwa ilikuwa House of Cards ya BBC. Ilianza kuonyeshwa Novemba 1990, siku chache kabla Margaret Thatcher hajatangaza kujiuzulu, na bahati hiyo ikaifanya ionekane kama habari. Ian Richardson aliigiza Francis Urquhart, mwanasiasa wa chama tawala mwenye tabasamu la babu mwema. Urquhart ana jibu lake moja la heshima kwa waandishi wa habari, la kuthibitisha bila kuthibitisha, na anageuka na kuzungumza na kamera, yaani na sisi. Hapo adabu ilipata kazi mpya: anatutendea kama marafiki wa siri, na mpaka anapomrusha msichana kutoka juu ya jengo tumeshakuwa washirika wake.

Kisha kuna Hannibal Lecter, aliyetoka kwenye riwaya za Thomas Harris. Anthony Hopkins alimfanya maarufu kwenye filamu ya mwaka 1991, The Silence of the Lambs, lakini kwa makala haya tunamtaka yule wa televisheni, aliyeigizwa na Mads Mikkelsen wa Denmark katika Hannibal, sehemu 39 za kuanzia 2013 hadi 2015. Huyu ni daktari wa akili anayeua watu, hasa waliomkosea adabu, na kuwapika. Wageni wake wanakula bila kujua na kumsifu mpishi. Chakula kimepangwa vizuri mno kwenye sahani kiasi kwamba mate yanakutoka, halafu unakumbuka ni nini. Ni kazi nzuri, lakini kwetu ina upungufu: Hannibal ni karibu shetani, na shetani hana cha kutufundisha kuhusu jirani.

Ufa

Hapa ndipo tunapotofautiana na wanaomwita Gus sosiopathi na kumaliza mazungumzo.

Katika msimu wa nne, sehemu iitwayo Hermanos inaturudisha miaka ya nyuma. Gus akiwa kijana anakwenda Mexico na mwenzake Max, mkemia, kumwomba bosi wa genge, Don Eladio, wafanye biashara pamoja. Wamekaa kando ya bwawa la kuogelea. Hector Salamanca anampiga Max risasi kichwani, na Gus anabanwa chini, uso kwa uso na maiti, damu ikitiririka kuingia majini. "Hermanos" maana yake ndugu. Mkahawa ule wa kuku umebeba jina la watu wawili miaka yote hiyo, na mmoja hayupo.

Kumbe utaratibu wote, tai, viwango, subira, ulikuwa wa mtu anayengoja kulipa kisasi. Anarudi kwenye bwawa lile lile na chupa ya tekila yenye sumu. Don Eladio anamsubiri anywe kwanza, naye anakunywa. Kisha anaomba ruhusa, kwa heshima zote, kwenda msalani. Huko anatandika taulo sakafuni, anavua miwani, anapiga magoti na kujitapisha, huku nje wenyeji wake wanaanza kuanguka mmoja mmoja. Mtu anakufa kwa sumu na bado hataki kuchafua suruali. Tulicheka, na tukaona aibu kwa kucheka.

Asiye na hisia hangefanya hivyo. Hangemtembelea Hector, ambaye sasa amepooza na yuko kwenye nyumba ya kulelea wazee, ili tu amweleze ndugu gani mwingine amekufa. Na hangefanya kosa lililomuua. Katika sehemu ya mwisho ya msimu huo, Face Off, ya tarehe 9 Oktoba 2011, Gus angeweza kumtuma mtu yeyote kummaliza mzee yule asiyeweza kusema wala kusimama. Anakwenda mwenyewe, kwa sababu anataka kutazamwa. Bomu liko kwenye kiti cha magurudumu. Mlipuko unatokea, Gus anatoka chumbani akiwa amesimama wima, anarekebisha tai yake. Kamera inazunguka taratibu, na tunaona kwamba nusu ya uso haipo. Kisha anaanguka.

Kwa hiyo chuki ilikuwemo, na kabla ya chuki upendo. Waandishi wa Breaking Bad walijua kwamba utupu hauwezi kutazamwa kwa misimu mitatu. Wakaweka ufa mmoja tu, wakaufunika kwa muda mrefu, na wakauacha umuue.

Kinachotuhusu

Kuna hasara mbili katika kumchukua adui mpole kama picha halisi ya ugonjwa. Ya kwanza ni kwa wenye matatizo ya akili na haiba, ambao wengi hawana mpango wa kumdhuru mtu, lakini wakitajwa tu watu wanaona visu. Ya pili ni kwetu sote. Tamthilia inatupa faida ambayo maisha hayatupi: sisi tumeona maabara iliyo chini ya dobi. Hank hakuiona kwa muda mrefu, na hakuwa mjinga.

Katika maisha tunapima watu kwa adabu. Kijana akiposa tunauliza kama ana heshima. Mpangaji akija tunasikiliza anavyosalimia. Matapeli wanajua hivyo. Anayepiga simu kujifanya wa huduma kwa wateja hukuita "mteja wetu mpendwa" na kukuomba radhi kwa usumbufu. Mweka hazina anayetoweka na fedha za kikundi mara nyingi ndiye aliyekuwa akifika mapema kupanga viti. Hawa si Gus. Wengi wao ni watu wa kawaida wenye tamaa. Lakini wanatumia chombo kile kile: mtu aliyekutendea kwa heshima anakufanya uone haya kumwomba stakabadhi.

Hatusemi adabu ishukiwe. Tungeishije? Lakini kumwomba risiti mtu mwenye heshima si kumkosea heshima, na Gus ndiye mtu ambaye angetaka uamini kwamba ni kumkosea.

Kwa anayetaka kutazama

Anayetaka kumfuatilia Gus peke yake aanze na Mandala, kisha msimu wa nne wote wa Breaking Bad, ndipo aende Better Call Saul kuanzia msimu wa tatu anapoingia. Esposito aliteuliwa kuwania tuzo ya Emmy mwaka 2012 na akashindwa na mwenzake wa tamthilia hiyo hiyo, Aaron Paul, aliyeigiza Jesse. Tangu hapo amepewa maadui wengine wapole, akiwemo Moff Gideon wa The Mandalorian, ila hatujaona anayemfikia huyu.

Na asiache sehemu ya Fun and Games ya mwaka 2022. Gus ameshinda adui zake, yu salama kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Anakwenda kwenye baa tulivu kunywa mvinyo. Mhudumu anayeitwa David anakaa naye, anamsimulia kuhusu mvinyo na safari zake, na Gus anasikiliza akitabasamu, tabasamu ambalo hatujawahi kuliona. David anainuka kwenda kumletea chupa maalumu. Gus anabaki peke yake mezani, na uso wake unarudi polepole kuwa ule tunaoujua. Anaondoka kabla chupa haijaja.